Mtoto mwenye kofia na wimbo uliotoka Ukerewe hadi Uingereza

Dereva wa bajaji alituuliza mara mbili kama kweli tunakwenda Kwihara.

"Kule makumbusho? Watu wa hapa hawaendagi huko. Wanaokwenda ni Wazungu na wanafunzi."

"Leo utatupeleka sisi," mama akamjibu, na safari ikaanza.

Kiti cha nyuma tulikuwa watatu: mimi, mama huyo niliyekutana naye siku moja kabla kwenye kliniki ya ngozi mjini Tabora, na binti yake wa darasa la tatu. Mtoto alivaa kofia pana ya kitambaa, blauzi ya mikono mirefu na sketi iliyofika kwenye vifundo vya miguu. Ana ualbino. Aliniamkia "shikamoo dada" bila kuinua uso, nikaitikia, naye akarudi kwenye wimbo aliokuwa akiuimba kwa sauti ya chini tangu tulipotoka stendi.

Ilikuwa Novemba, embe zimeanza kuiva. Nilikwenda Tabora kuandika habari za upimaji wa ngozi kwa watu wenye ualbino. Kazi iliisha Ijumaa, basi langu la Mwanza lilikuwa Jumapili asubuhi, hivyo Jumamosi nzima ilibaki mikononi mwangu. Mama anaishi upande huo wa Kwihara, akasema atanionyesha njia. Sikujua bado kwamba alikuwa na swali lake, na kwamba hakutaka kuliuliza mbele za watu kliniki.

Mji wa miembe na nyimbo

Anayeingia Tabora kwa mara ya kwanza huiona miembe kabla hajauona mji. Imepanda mistari kandokando ya barabara, minene kiasi kwamba watu watatu wakishikana mikono hawaumalizi mti mmoja. Wenyeji husimulia kuwa mingi ni ya enzi za misafara, kwamba watu walikula embe njiani, wakatupa kokwa, na njia ikaota.

Zamani Waarabu waliokaa hapa waliuita mji huu Kazeh. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapanda hadi Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe. Hapa iligawanyika: tawi moja lilikwenda magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, jingine likaelekea kaskazini, Usukumani na Ziwa Victoria, mpaka Buganda. Nguo na shanga zilipanda kutoka pwani. Pembe za ndovu zilishuka, na watu waliotekwa utumwani walishuka nazo.

Waliobeba mizigo wengi walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 30 hivi, kichwani au begani, kwa safari ya miezi mitatu au zaidi. Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh Novemba.

Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, kiongozi wa njia. Alivaa nguo nyekundu na kitu cha kichwani chenye manyoya ili aonekane kutoka mbali. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, na watu nyuma wakaitikia. Ngoma ilipigwa, miguu ikafuata. Bila wimbo, mzigo ungekuwa mzito zaidi.

Pengine ndiyo maana Tabora haijaacha kuimba. Mji huu ulitoa Kiko Kids ya Salim Zahoro, ukatoa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Wazee bado wanamkumbuka Mzee Mwinamila na kundi lake la ngoma, Hiari ya Moyo. Mtoto wa Tabora akiimba ndani ya bajaji hakuna anayegeuka kumtazama.

Ila mtoto huyu, popote tulipopunguza mwendo, watu waligeuka. Na mama, kila walipogeuka, aliivuta ile kofia chini kidogo.

Swali la mama

Tembe la Kwihara ni nyumba ya udongo yenye paa bapa na milango ya kuchongwa kama ya pwani. David Livingstone na Henry Stanley walikaa hapa mwaka 1872. Stanley aliondoka Machi kurudi pwani, Livingstone akabaki kungoja wapagazi aliotumiwa. Walifika Agosti, naye akaondoka nao. Hakurudi akiwa hai.

Alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake wakaubeba kwa miguu mpaka pwani, na walipita hapa Unyanyembe. Mmoja wa wapagazi waliokuja kumchukua Kwihara, kijana aliyeitwa Jacob Wainwright, alisafiri na mwili huo hadi Uingereza. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza katika kanisa la Westminster Abbey, London. Susi na Chuma walifika huko baada ya maziko.

Nilikuwa najaribu kumweleza mtoto hayo mbele ya ramani iliyo ukutani. Aliisogelea ramani mpaka pua ikakaribia kuigusa, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri mbali. Akaifuata njia kwa kidole kutoka Bagamoyo mpaka Tabora.

"Kirangozi alipita hapa?" akauliza.

Nikashangaa. "Nani amekufundisha neno hilo?"

Mtoto akamtazama mama yake. Mama akamwambia aende akakae kivulini kwenye mwembe, tunakuja. Alipoondoka, ndipo mama akasema.

Shuleni kwao wanaandaa igizo la siku ya kufunga shule, mwezi Desemba. Igizo lenyewe ni la msafara wa wapagazi. Mwalimu amewapima watoto sauti, na sauti iliyofika mbali kuliko zote ni ya huyu. Amemchagua awe kirangozi, atangulie mbele na kuanzisha nyimbo. Mtoto halali kwa furaha.

"Baba yake amekataa," mama akasema. "Si mtu mbaya, dada. Usidhani. Kila asubuhi anampeleka shule kwa baiskeli, na kumrudisha anamrudisha yeye. Haamini mtu. Anasema siku ile watakuja watu kutoka vijiji vyote, watampiga picha, watajua mtoto wa namna hii anakaa wapi. Anasema, 'Wewe unataka aimbe, mimi nataka awe hai.' Sasa mimi nimjibu nini?"

Sikuwa na jibu la haraka, na nadhani mzazi yeyote anayesoma hapa asingekuwa nalo. Hofu ya baba huyo haikutoka hewani. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015, zaidi ya watu 70 wenye ualbino walikuwa wameuawa Tanzania tangu mwaka 2000, wengi wao katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na Magharibi. Mei 2024, Muleba mkoani Kagera, mtoto wa miaka miwili alinyakuliwa nyumbani kwao, na siku kadhaa baadaye akapatikana ameuawa. Huwezi kumwambia baba aliyesikia hayo redioni kwamba ana woga wa bure.

Nikamwambia mama jambo moja tu ninalolijua, na kwa kuwa mhusika mkuu alikuwa chini ya mwembe, tukaenda tukalisemee huko.

Walioanza kuimba wakiwa watu wazima

Fuata lile tawi la kaskazini la njia ya misafara. Speke alilifuata Julai 1858 akitokea Kazeh, na mwanzoni mwa Agosti akaliona ziwa kubwa akiwa upande wa Mwanza. Wakati huo wafanyabiashara wa Tabora walilijua ziwa hilo kwa jina la Ukerewe, kisiwa kikubwa kilicho ndani yake.

Ukerewe wapo watu wengi wenye ualbino. Mwaka 2016 mtayarishaji wa muziki kutoka Marekani, Ian Brennan, mshindi wa tuzo ya Grammy, alikwenda kisiwani na mkewe, mpigapicha Marilena Umuhoza Delli, kwa kushirikiana na shirika la Standing Voice. Waliitisha warsha ya kutunga nyimbo. Waliojitokeza walikuwa watu wazima, wanaume kwa wanawake. Wengi wao hawakuwahi kuimba mbele ya mtu. Baadhi walisema hata kanisani walikuwa hawahimizwi kuimba wala kucheza na wenzao.

Fikiria hapo, mzazi. Mtu amezaliwa katika nchi ambako harusi ni ngoma, msiba ni nyimbo, kulima ni nyimbo, kuvua ni nyimbo, na yeye anafika utu uzima bila kuambiwa hata siku moja, "hebu anzisha wewe".

Waliotunga walitunga kuhusu upweke, kuhusu jua, kuhusu kuachwa na ndugu, kuhusu kuwa mtu kama watu wengine. Waliimba kwa Kiswahili na kwa lugha za kwao kisiwani. Kundi likaitwa Tanzania Albinism Collective, na albamu yao, White African Power, ikatoka Juni 2017. Mwezi uliofuata baadhi yao wakaenda Uingereza kuimba katika tamasha la WOMAD, ambalo mwaka huo lilifanyika Charlton Park huko Wiltshire. Hilo ni tamasha lililoanza mwaka 1982, na Peter Gabriel ni mmoja wa waanzilishi wake. Watu wa mataifa mengi walikusanyika pale kusikiliza muziki wa dunia nzima.

Nikatoa simu. Mtandao wa Kwihara ulisuasua, lakini wimbo mmoja ukakubali kufunguka. Mtoto akaichukua simu, akaisogeza hadi jichoni, akaitazama picha ya kundi lile kwa muda mrefu. Mama yake naye akainama.

"Wote hawa wako kama mimi?"

"Wote."

"Na huyu mzee?"

"Na huyo."

Akanyamaza. Halafu akauliza swali ambalo mimi, pamoja na shahada yangu, sikulitegemea: "Kwa hiyo ukiwa kama mimi unaweza kuzeeka?"

Mama aligeuza uso akatazama upande wa tembe. Nikamjibu mtoto kwamba ndiyo, unaweza, na kwamba kofia aliyoivaa na ile kliniki ya jana ni kwa ajili hiyo hasa.

Jua ndilo la kuogopwa kila siku

Hapa niseme kama mwandishi wa afya, kwa sababu wazazi wengi huniuliza.

Ualbino si laana, na mama hakufanya kosa lolote. Ni hali ya kurithi. Baba na mama, wote wawili, hubeba chembe ya urithi ya hali hiyo bila kujua, ingawa ngozi zao zina rangi ya kawaida. Wazazi wa namna hiyo, katika kila mimba, wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ualbino. Hapa Tanzania inakadiriwa ni mtu mmoja kati ya 1,400. Ulaya na Marekani Kaskazini ni mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Kwa hiyo mtoto wa namna hii hazaliwi kwako peke yako, na hatokani na baba mwingine kama ndugu wa mume wanavyopenda kunong'ona.

Mwili wake unatengeneza rangi kidogo sana, au hautengenezi kabisa. Rangi hiyo ndiyo inayoikinga ngozi na jua, na ndiyo inayosaidia jicho kuona vizuri. Ndiyo maana macho yake huchezacheza, huumizwa na mwanga mkali, na hayasomi ubaoni akikaa nyuma. Na ndiyo maana saratani ya ngozi huwakuta watu wenye ualbino mapema sana wasipokingwa.

Wauaji wanatisha, na ni haki kuwaogopa. Lakini jua hupita kila siku, nyumbani kwako, bila kubisha hodi. Kofia pana, mikono mirefu, kivuli kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, losheni ya kukinga jua, na kupimwa ngozi mara kwa mara: hayo ndiyo yanayomfikisha mtoto uzeeni. Losheni ya Kilisun inatengenezwa hapahapa nchini, KCMC Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kidonda usoni, sikioni, shingoni au mkononi kisichopona si cha kusubiriwa. Mpeleke akatazamwe.

Na darasani, mwombe mwalimu amweke mstari wa mbele. Hilo ni bure.

Jukwaa linaweza kumfuata mtoto

Mama aliposikia habari za kofia akakumbuka jambo. Mwalimu, kwa nia njema, alikuwa amesema siku ya igizo mtoto avue kofia ili afanane na wenzake. Na igizo limepangwa saa 6 mchana, uwanjani, baada ya hotuba.

Hapo nikaona kwamba swali la baba na swali la mwalimu ni swali moja. Wote wawili wanadhani jukwaa ni kitu kisichobadilika, na mtoto aidha aendane nalo au abaki nyumbani.

Makundi ya maigizo yanayochanganya wasanii wenye ulemavu na wasio na ulemavu yameshalimaliza swali hilo zamani. Graeae ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1980, inajulikana kwa kuingiza lugha ya alama na maelezo kwa wasioona ndani ya mchezo wenyewe tangu mwanzo wa mazoezi, badala ya kuyabandika mwishoni. Agosti 2024, kwenye tamasha la kimataifa la Edinburgh huko Scotland, kundi la Teatro La Plaza kutoka Peru lilicheza Hamlet ya Shakespeare kwa waigizaji wenye Down syndrome. Mchezo ulitengenezwa kwa kufuata wanavyozungumza wao na wanayoyapitia maishani. Hawakulazimishwa kusema kama waigizaji wa London.

Tusidhani hekima hiyo ni ya ng'ambo tu. Shule ya kwanza ya viziwi katika nchi yetu ilianzishwa hapahapa Tabora, mwaka 1963. Kwa zaidi ya miaka 60 mji huu umekuwa na watoto wanaosimulia hadithi kwa mikono na uso. Tabora inajua kwamba kuna njia zaidi ya moja ya kusema jambo likasikika.

Basi tukapanga chini ya mwembe, mimi na mama, na mtoto akiongeza yake. Kirangozi wa kweli hakutembea kichwa wazi. Alivaa kitu kikubwa cha manyoya. Kwa hiyo kofia isivuliwe, ishonewe manyoya ya kuku. Itakuwa kofia ya kirangozi, na itakuwa pana kuliko hii. Igizo lihamishwe lianze saa 2 asubuhi, kabla ya hotuba, au lichezwe chini ya mti. Maneno yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi ili asome mwenyewe. Asiitwe kuonyeshwa kwa wageni wala kutajwa ualbino wake kwenye kipaza sauti. Atajwe kama kirangozi. Mwalimu mkuu awaombe watu wasirushe picha za watoto mitandaoni. Na kuondoka aondoke na baba yake, kwa baiskeli ileile, kama kila siku.

"Mwambie baba yake hivyo," nikasema. "Usimwambie aache kuogopa. Mwambie ulinzi wake unahitajika siku hiyo kuliko siku zote."

Mama akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu asubuhi. Akafungua mfuko akatoa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, tukatafuna watatu kimya kimya.

Barabara ya kaskazini

Jumapili asubuhi nilipanda basi la Mwanza. Barabara inafuata karibu upande uleule wa tawi la zamani: Nzega, kisha Tinde, kisha Shinyanga. Miombo inapungua, tambarare ya Usukumani inafunguka, na mawe makubwa yanaanza kuonekana yakiwa yamepandana.

Shinyanga kuna shule ya Buhangija. Wakati wa mauaji mengi, watoto wenye ualbino walipelekwa huko kwa usalama wao, kama ilivyokuwa Mitindo kule Misungwi na Kabanga kule Kasulu. Serikali ilifanya hivyo kuokoa maisha, na maisha yaliokolewa. Lakini baadhi ya watoto walikaa miaka bila kuonana na wazazi wao. Walikuwa salama, na walikuwa wamepotea nyumbani. Nilipopita nilimfikiria yule baba wa Kwihara. Yeye amechagua jambo gumu zaidi: kukaa na mtoto wake na kumlinda palepale alipozaliwa.

Kuna jambo jingine lililonisumbua ndani ya basi. Njia hii kwa miaka mingi imepeleka vitu pwani, na kutoka pwani hadi ng'ambo: pembe, nta, watu, hata maiti ya mmisionari. Nyimbo za Ukerewe nazo zikafuata mkondo huohuo. Watu wa Wiltshire walizisikiliza mwaka 2017. Mimi, Mtanzania, mwandishi wa afya, nilizisikia baadaye kupitia mtandao. Yule mama wa Kwihara, anayeishi kwenye njia hiyohiyo, hakuwa amewahi kuzisikia.

Siwalaumu waliowaalika. Nawashukuru. Lakini tamasha la ng'ambo ni siku chache, kisha msanii anarudi kwenye jua lilelile na majirani walewale. Kama majirani hawajawahi kumsikiliza, ndege imemrudisha mahali alipoachwa. Hadhira ya kwanza ya mtoto ni watu wa kwao: baba, mama, mwalimu, wenzake wa darasa la tatu. Hao wakishamsikia, jukwaa la mbali likija ni nyongeza.

Na kusikika nako kuna ulinzi wake. Mtoto ambaye kijiji kizima kinaijua sauti yake hatoweki kimya kimya. Watu wataulizana. Mtoto aliyefichwa, hata akikosekana, ni nani atakayejua?

Ujumbe wa Desemba

Wiki ya kwanza ya Desemba mama alinitumia ujumbe. Mwalimu amekubali kofia. Saa imehamishwa, ila ni saa 3, si saa 2, kwa sababu mgeni rasmi anatoka mbali. Kuhusu baba aliandika maneno mawili tu: "Hajasema." Siku mbili baadaye simu yangu ikalia tena. Ilikuwa video, sekunde 40.

Sitaiweka hapa wala popote. Nitasimulia tu.

Watoto wako chini ya mwembe, wamebeba maboksi kichwani kama mizigo. Picha inatikisika. Mbele yupo mmoja mdogo, kofia yake kubwa kuliko yeye, manyoya meupe na mekundu yanapeperuka. Anafungua mdomo, upepo unachukua neno la kwanza, la pili linasikika, na la tatu linafika hadi nyuma. Watoto wanaitikia. Akinamama waliokaa kwenye mikeka wanaitikia. Msafara unaanza kutembea.

Mwishoni kabisa, karibu sana na simu, inasikika sauti ya mwanaume akikohoa, kama mtu aliyekabwa na kitu kooni. Nikamwandikia mama kumuuliza nani alikuwa anapiga ile video.

"Baba yake," akajibu. "Kakataa kumpa mtu mwingine simu."